Mvua ya Njiani

Kanuni za michezo, karibu zote, zinaijua mvua moja tu: ile inayonyesha uwanjani. Uwanja ukilowa, refa anatazama juu, anatazama chini, anakanyaga mstari mweupe aone kama unateleza, kisha anasema tungoje. Hapo hakuna anayelaumiwa. Mvua haina mwenyewe, na hakuna atakayekwambia kwamba ungejipanga vizuri isingenyesha.

Lakini kuna mvua ya pili, inayonyeshea barabara ya mchezaji mmoja. Uwanja ni mkavu, jua linawaka, mpinzani ameshafunga kamba za viatu, na wewe uko ndani ya matatu pale Changamwe, vioo vimejaa mvuke, mbele yako trela limezima katikati ya maji na utingo ameshuka kupima kina kwa mguu wake. Mvua hii kanuni haiijui. Kwa kanuni, wewe umechelewa, basi.

Je, hiyo ni haki? Linaonekana swali la wikendi, la watu wenye raketi na muda. Mimi limenikaa kichwani tangu mwaka jana, na kila nikilisukuma linazidi kuwa kubwa.

Lilinijia kama kibarua. Naishi Miritini na riziki yangu ni kuandika: maelezo ya viatu kwa maduka ya mtandaoni, barua za watu wanaoomba kazi, hotuba za harusi, siku nyingine makala kama hii. Kuna watu wanaocheza tenisi ya ridhaa wikendi, kama ishirini hivi, wakanitafuta niwaandikie kanuni upya. Ligi yao haina mdhamini wala kombe la maana. Wamo walimu, wamo mawakala wa kutoa mizigo bandarini, yumo daktari wa meno, wamo wahudumu wa hoteli, na watatu wanatoka upande wetu huu wa Jomvu na Changamwe. Kila mtu hucheza na kila mtu, mechi moja kwa wiki, kwenye viwanja vya kukodi kwa saa, vingi vikiwa kisiwani na Nyali. Miritini hatuna. (Wadogo zangu waliujua mchezo huu mwaka 2022, Angella Okutoyi aliposhinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili. Mpaka leo wanacheza barabarani na vipande vya mbao.)

Kanuni walizokuwa nazo zilikuwa zimenakiliwa kutoka ligi ya nchi nyingine, na zilikuwa na aya nzima kuhusu theluji. Theluji, Mombasa! Hiyo nikaifuta kwanza. Nikashuka kwenye mvua, nikakwama, kwa sababu tayari palikuwa na kesi mezani na kila mtu alitaka kanuni mpya iseme yeye ndiye aliyekuwa sawa.

Kesi yenyewe ni fupi. Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, ambao ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi kwetu, kijana wa hapa Miritini anayefanya zamu kwenye yadi ya makontena alikuwa na mechi kisiwani saa 3 asubuhi. Akatoka nyumbani saa 1 na nusu. Siku kavu, mwendo huo ni wa dakika arobaini, hata thelathini dereva akiwa na wazimu wake. Siku ile mvua ilikuwa imeshuka tangu alfajiri upande wetu wote. Saa 2 na dakika 20 akatuma picha kwenye grupu ya WhatsApp: barabara imekuwa mto, malori yamesimama pande zote mbili. Akaandika, "Wazee, niko njiani lakini hali si hali." Mpinzani wake akajibu kwa picha ya uwanja, mkavu kama meza, na neno moja: "Nangoja." Kijana akafika saa 3 na dakika 40, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Kanuni ilisema dakika 15, kipimo ambacho hata mashindano mengi rasmi hukitumia. Mpinzani alikuwa ameshaandika matokeo: 6-0, 6-0. Ushindi wa bwerere.

Ninayemwita mpinzani si mtu mbaya, na naona ni lazima niseme hivyo kabla sijaendelea, maana hadithi za namna hii hutaka sana kuwa na mbaya wao. Alikuwa amelipia saa ya uwanja. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alingoja dakika 25 zaidi ya alivyotakiwa kungoja. Saa ikakaribia kwisha, watu wengine wakaanza kuingia na mipira yao. Hoja yake kwenye grupu ilikuwa ya heshima kabisa: "Kaka, sijasema umedanganya. Nasema tu kwamba mimi nilifika. Kufika nako hakuhesabiwi?"

Kunahesabiwa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mmoja amefanya kila alichotakiwa, mwingine pia amefanya kila alichoweza, na bado kuna hasara imekaa katikati yao inangoja kubebwa na mtu. Kanuni ya dakika 15 hailiulizi hilo swali la nani abebe. Inamwangukia aliye mbali, kimya kimya, na halafu inajiita kanuni ya wote.

Wapo waliosema: msimu wa mvua unajulikana. Idara ya hali ya hewa hutangaza. Mtu mzima anayejua kwamba Mei ni masika na anajua barabara yake ilivyo, angetoka mapema. Hoja hii ndiyo iliyopata vidole gumba vingi zaidi kwenye grupu, na ndiyo iliyonikera zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Tuifuate mpaka mwisho. Kisiwa cha Mombasa kina milango michache. Wa Kisauni na Nyali wanaingia kwa daraja la Nyali, wa Likoni wanavuka kwa feri, sisi wa Miritini, Jomvu na Changamwe tunapita Makupa, siku hizi kwenye daraja jipya la mwaka 2022. Mlango wetu ndio huohuo wa malori yote ya bandarini, na barabara yetu ndiyo barabara ya Nairobi, ya Kampala, ya Kigali. Mvua ikinyesha, trela moja likizima, Uganda nzima inasimama nyuma yake, na sisi na matatu yetu tumo humo katikati. Nauli nayo hupanda pamoja na mawingu, hilo halihitaji idara kutangaza. Sasa, ili kijana wetu awe na hakika ya kufika saa 3 siku ya Mei, inabidi atoke saa 11 alfajiri. Akitoka saa 11 na mvua isinyeshe, anafika saa 12, uwanja umefungwa, anakaa nje saa tatu nzima. Mpinzani wake anaishi Tudor. Ili naye awe na hakika ya kufika saa 3, anaamka saa 2, anakunywa chai.

Neno "angetoka mapema" ni lilelile kwa wote wawili. Bei yake ndiyo si moja. Mmoja anainunua hakika kwa dakika tano, mwingine kwa usingizi wake wa Jumamosi baada ya zamu ya usiku, na atainunua kila wiki ya masika, inyeshe isinyeshe. Kanuni ikisema "kila mtu awe uwanjani saa 3" imetaja saa, haijataja bei. Mtu mmoja akatania, "Si uhamie Tudor?" Watu wakacheka. Utani mzuri, lakini kodi ya nyumba ya Tudor haikucheka.

Nilisoma chuo kikuu mwaka mmoja na nusu kabla ya karo kunishinda (karo, narudia, nisije nikaipakazia mvua), na kitu kimoja nilichotoka nacho ni rula ya risasi. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anawataja waashi wa kisiwa cha Lesbos waliopimia mawe kwa rula iliyotengenezwa na madini ya risasi, laini, inayojipinda kufuata umbo la jiwe. Anaitumia kueleza kwamba sheria husemwa kwa ujumla, na jumla haiwezi kuona kila jambo, kwa hiyo panahitajika namna ya haki inayoinamia jambo lenyewe lilivyo. Nilipoisoma mara ya kwanza niliipenda sana. Nilipoanza kuandika kanuni za watu nikaanza kuiogopa. Rula inayojipinda inajipinda kwa nani? Anayeishika mkononi nani? Kwenye ligi ya watu ishirini wanaojuana, rula ya risasi inaweza kuwa jina zuri la upendeleo: fulani ni mtu wetu, mpinde kidogo. Nilitaka kitu kinachoijua barabara, lakini kilichoandikwa, kinachomjua kila mtu kwa namna moja.

Nikakipata kwa mzee anayesomesha madrasa jirani na kwetu. Sikuwa nimemwendea kwa ajili ya tenisi. Nilikuwa namchapia karatasi zake, nikamsimulia kesi kama kichekesho. Hakucheka. Akaniambia, "Mwanangu, mambo hayo yameshazungumzwa zamani." Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, mvua inaruhusu watu msikitini kukusanya sala mbili, ya pili ikaletwa mbele ikasaliwa pamoja na ya kwanza, ili watu wasilazimike kurudi. Lakini wanavyuoni wakaweka sharti, na sharti lenyewe ndilo lililonifanya niache kuchapa. Ruhusa ni ya anayekuja kusali jamaa kutoka mbali, ambaye mvua itamtaabisha njiani. Anayesali nyumbani kwake, au ambaye mlango wake umegusana na mlango wa msikiti, haimhusu. Akaniongezea kisa kilichopokewa cha Ibn Abbas, kwamba siku moja ya mvua alimwamuru mwadhini awaambie watu wasali majumbani mwao. Watu waliposhangaa, akaeleza kwamba hakupenda kuwatoa watembee kwenye matope na utelezi.

Silete dini ligini. Kwenye grupu ile kuna wa kila imani na mmoja anayejitangaza kuwa hana yoyote. Ninachokitazama ni namna ya kufikiri. Paa la msikiti halivuji, ndani ni pakavu, kama uwanja wa kisiwani ulivyokuwa mkavu siku ile. Wanavyuoni hawakuuliza hali ya ndani. Waliuliza hali ya njia, na waliuliza njia ya nani. Na hawakuiacha wazi kwa huruma ya imamu siku hiyo, waliiandika kwa masharti: mbali, taabu, jamaa. Kumbe inawezekana.

Tenisi yenyewe, ukiichunguza, ilikuwa karibu kufika hapo. Mechi ikisimamishwa kwa mvua au giza, kanuni ya zamani ya mchezo ni kwamba hesabu inabaki pale ilipokatikia, na kila mtu anarudi upande wake wa uwanja aliokuwa nao, isipokuwa refa na wachezaji wote wakubaliane vingine. Maana yake ni wazi: mvua isimpe mtu kitu, wala isimnyang'anye mtu kitu. Haifanikiwi kabisa. Muulize Tim Henman. Nusu fainali ya Wimbledon, 2001, Ijumaa jioni, Mwingereza kwao, ameshamchapa Goran Ivanišević seti nzima 6-0 na anaongoza 2-1 katika seti ya nne, yuko seti mbili kwa moja mbele. Mvua ikashuka. Wakarudi Jumamosi, mvua ikawakata tena, wakamaliza Jumapili. Hesabu ilihifadhiwa kama ilivyotakiwa, gemu kwa gemu. Upepo uliokuwa mgongoni mwa Henman haukuhifadhiwa, maana hauandikwi ubaoni. Akashindwa kwa seti tano, na Ivanišević, aliyeingia kwa kadi ya mwaliko tu, akabeba kombe lenyewe Jumatatu. Hakuna kanuni ingeweza kumrudishia Henman ile Ijumaa. Lakini angalau nia ilikuwepo. Mvua ya njiani ikipigwa na kanuni ya dakika 15, nia inageuka: mvua inampa mtu gemu 12 alizokuwa bado hajazicheza.

Hapo nilidhani nimemaliza. Mwalimu mmoja wa historia, ambaye ni mchezaji wa wastani lakini mbishi wa daraja la kwanza, akanivunja kwa ujumbe mfupi: "Basi New Zealand nao walikuwa sawa?"

Kwa waliokuwa wadogo, au hawajazaliwa: Kombe la Dunia la kriketi la 2003 lilichezwa Afrika Kusini, na mechi chache zikaletwa Zimbabwe na kwetu Kenya. New Zealand walipangiwa kucheza nasi Nairobi mwezi Februari. Wakakataa kuja. Miezi mitatu kabla, tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Kikambala, hapa pwani yetu, ilikuwa imelipuliwa kwa bomu na watu wakafa, na siku hiyohiyo ndege ikarushiwa makombora ikitoka Mombasa. New Zealand wakasema njia si salama. Baraza la kriketi la dunia likasema mechi ibaki palepale. Hawakuja, Kenya ikapewa pointi zote 4 bila kurusha mpira. Siku chache baadaye tukawapiga Sri Lanka palepale Nairobi, Collins Obuya akitoa wachezaji watano, na tukaenda mpaka nusu fainali. Hakuna Mkenya aliyelia kwa sababu ya zile pointi za bwerere. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nimekua nikisikia wakubwa wakiisimulia ile safari kama vita tuliyoshinda wenyewe yote.

Kwa hiyo mwalimu alikuwa ananiuliza: kama njia ya mgeni ni sehemu ya mechi, kwa nini tulizichukua pointi? Nilikaa na swali hilo siku mbili. Jibu nililompa, na bado naliamini ingawa haliniridhishi kabisa, ni hili. Kijana wa Miritini alitoka nyumbani. Alikuwa anakuja. Kitu kilichomzuia kilikuwa mbele yake, kinaonekana, kina kina cha magoti. New Zealand walipima uwezekano wa kitu wakaamua kubaki. Inawezekana walipima vizuri, sijui kama mimi ningepanda ile ndege. Lakini kati ya kuzuiwa na kuamua kutokwenda kuna tofauti, na anayeamua kutokwenda kwa sababu nzuri bado ameamua, na inafaa abebe bei ya uamuzi wake hata kama tunamwelewa. Mwalimu akanijibu, "Na mtu akiamka, akasikia mvua juu ya mabati, akarudi kulala?" Nikamwambia huyo ni New Zealand. Akaridhika, au akachoka.

Hofu ya kweli ya grupu haikuwa hiyo hata hivyo. Hofu ilikuwa uongo. Mtu akaandika, na hii naikubali kuwa ndiyo sentensi bora ya mjadala mzima: "Tukikubali hii, kuanzia kesho kila mtu atakuwa anaishi kwenye mafuriko." Kweli. Aliyelewa Ijumaa atasema barabara ilijaa. Picha ya mafuriko ya mwaka juzi iko kwenye simu ya kila mtu. Wakataka ushahidi: picha yenye saa, mahali ulipo uwashwe kwenye simu, shahidi mmoja. Ukimwambia mtu aliyesimama kwenye maji na simu yenye chaji ya asilimia nne awashe mahali alipo, umeshaamua kutomwamini, unatafuta tu njia ya adabu ya kusema.

Na mbona tunaaminiana kwenye mistari? Tenisi ya ridhaa haina refa. Mpira ukianguka upande wangu, mimi ndiye ninayesema umetoka au umeingia. Nacheza, na hapohapo ni hakimu wa mechi yangu mwenyewe, mara mia moja kwa saa, kwa mipira inayotofautiana na mstari kwa upana wa kidole. Na desturi ya mchezo inasema ukiwa na shaka, mpira ni mzuri, pointi ni ya mwenzako. Watu hawa ishirini wanaishi na desturi hiyo kila wikendi bila kutaka picha yenye saa. Wanaodanganya wanajulikana, hawafukuzwi, ila watu wanawacheza huku wamekunja uso. Nikawauliza: mtu unayemwamini kwa sentimita mbili za mstari, ambazo akidanganya anapata pointi papo hapo, unashindwaje kumwamini kwa kilomita kumi za barabara? Shaka yako ya uwanjani unampa mwenzako. Ya barabarani unajipa mwenyewe. Kwa nini?

Hakuna aliyejibu kwa muda mrefu. Halafu daktari wa meno akaandika, "Hapo sawa, lakini uwanja analipa nani?"

Ndiyo, uwanja. Maana hata ukikubaliana kwamba hakuna mkosaji, ile saa imelipiwa na imepita. Na hapa aliyetusaidia ni wakala mmoja wa mizigo, mtu mkimya ambaye kazi yake ni kontena za watu wengine. Akatueleza kwamba baharini suala hili lina jibu la tangu kale. Meli ikipigwa na dhoruba, nahodha akatupa baharini baadhi ya mizigo ili iliyobaki iokoke, hasara haibaki kwa yule ambaye mzigo wake ulikuwa karibu na ukingo. Wote waliokuwa na kitu ndani ya meli wanachangia, kila mtu kwa kadiri ya thamani ya mali yake iliyookoka. Si jambo la vitabu tu. Mwaka 2021 meli ya Ever Given ilipokwama katika mfereji wa Suez karibu wiki nzima, wenye meli walitangaza hasara ya namna hiyo, na wenye makontena, ambao walikuwa wamelala majumbani mwao hawajui upepo wala mchanga wa Suez, wakatakiwa kuweka dhamana kabla ya kupewa mali zao. Wao hawakuwa na kosa lolote. Walichangia kwa sababu walikuwa ndani ya safari moja.

Nilipenda kwamba jibu lilitoka bandarini, mahali palepale yanapotoka malori yanayotufungia barabara.

Kifungu nilichoandika hatimaye hakina sentensi nyingi. Mchezaji akizuiwa njiani na hali ya hewa na akatuma neno kabla ya saa ya mechi, hakuna ushindi wa bwerere. Neno lake linakubaliwa kama mpira wa mstarini unavyokubaliwa. Mechi ichezwe ndani ya siku 14, na siku, saa na uwanja vitachaguliwa na yule aliyengoja, kwa sababu kufika kunahesabiwa. Gharama ya saa iliyopotea ni nusu kwa nusu. Hakuna jina la mtaa wowote ndani yake. Niliangalia hilo makusudi: maji ni maji, yakifunga Nyali kesho kifungu ni hichohicho. Kikapita kwa kura chache, na hakikurudi nyuma kugusa matokeo ya Mei. Zile 6-0, 6-0 ziko palepale kwenye jedwali.

Kijana wetu wa yadi hakupiga kura. Nilikutana naye stendi ya Miritini jioni moja, nikamuuliza kwa nini, maana kusema kweli nilitarajia shukrani kidogo. Akaniambia, "Bana, mimi sikutaka kuonewa huruma. Nilitaka tucheze zile dakika 20 zilizobaki." Nikamweleza kwamba si huruma, kwamba kifungu hakimtaji yeye wala Miritini, nikamweleza meli na mizigo. Akasikiliza mpaka mwisho, ni mtu wa adabu. Kisha akasema kwamba kila atakapotuma ule ujumbe, watakaousoma watajua ni nani anayekaa wapi, hata kama kanuni haisemi.

Sikuwa na jibu. Naweza kuandika kanuni isiyotaja mtaa, siwezi kuandika grupu isiyoujua. Siku za mvua anatoka saa 11 kama zamani, anapanda matatu ya kwanza, anakaa nje ya geti la uwanja na kahawa ya shilingi kumi mpaka mlinzi afungue. Kifungu kimeshatumika mara kadhaa. Hata mara moja si yeye.